Mikoko ya Mida na Biashara ya Hewa

Kwa karne nyingi majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Bara Arabu na Ghuba ya Uajemi yalikuwa yakirejea kwao na kusi yamesheheni miti ya mikoko, na mwambao huu wetu, tangu Lamu hadi midomo ya Rufiji, ukawa ndio ghala ya miji ya jangwani isiyokuwa na misitu ya kujengea. Biashara hiyo ilikuwa na kipimo kilichojulikana na kila aliyehusika nayo: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila namna kwa unene wake, zikihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini kwa kila fungu, na hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe, hapa kwetu na huko ng'ambo, ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Mkataji aliupima mzigo wake kwa mkono na jicho lake mwenyewe kabla haujapakiwa chomboni, na tajiri mnunuzi, hata akiwa hodari wa maneno namna gani, hakuweza kumwambia kwamba korija yake ina miti kumi na mitano. Kisha mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi.

Sasa imezuka biashara ya pili ya mikoko, ambayo ndani yake mti unauzwa ukiwa umesimama, na mnunuzi aliyeko Ulaya au Marekani hapokei ila hati yenye kushuhudia kwamba tani moja ya hewa ya ukaa imezuiliwa isipande angani kwa jina lake. Msingi wa biashara hii ni elimu iliyo bayana. Kila mti huvuta hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa shina na majani, lakini mkoko una sifa ya ziada, kwamba majani na mizizi yake inapokufa huzikwa katika matope yaliyojaa maji ya chumvi, mahali ambapo oksijeni haifiki, na kwa hivyo haiozi upesi, bali hurundikana huko chini karne baada ya karne. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 juu ya misitu ya mikoko ya bahari ya Hindi na Pasifiki ulionyesha kwamba hektari moja yake huhifadhi kaboni nyingi mara kadhaa kuliko hektari ya msitu wa bara wa nchi za joto, na kwamba sehemu kubwa ya hazina hiyo haiko katika miti bali katika matope. Jambo hili la matope msomaji aliweke moyoni, kwani ndilo litakalotuongoza huko mbele.

Mfano wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko haukutokea Brazili wala Indonesia, bali ulitokea Gazi, katika kaunti ya Kwale. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, akiwamo Dakta James Kairo, walikuwa wamekwisha kuisoma mikoko ya Gazi kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Edinburgh Napier, na mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja ukapata ithibati ya Plan Vivo, shirika la Uskoti lenye kuweka kanuni za miradi ya namna hii. Eneo lake ni dogo, hektari 117 tu, na kiasi kilichokubaliwa kuuzwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yake yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambazo zingegawanywa kichwa kwa kichwa baina ya watu wa Gazi na Makongeni zisingemfikishia mtu hata gharama ya gunia la unga. Lakini hazikugawanywa hivyo. Ziliwekwa pamoja, na wanakijiji wakashauriana katika mikutano yao juu ya matumizi, yakapatikana maji ya bomba na vitabu vya shule. Na kwa kuwa haifai kumkataza mtu kuni bila ya kumpa badala yake, mivinje ikapandwa ili itoe miti ya kujengea na kuni za kupikia. Miaka michache baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, walio mpakani na Tanzania, wakafuata njia hiyo kwa hektari zipatazo 460. Mimi naamini kwamba heshima ya Gazi haiko katika fedha, zilizo chache, bali katika ile hali ya kwamba vijana wa kijijini wenyewe ndio waliofundishwa kushika utepe na kupima mashina.

Watamu, katika kaunti ya Kilifi, nayo ina hori ya Mida, yenye kilomita za mraba zipatazo 32, isiyoingiwa na mto wowote mkubwa bali ikipata maji matamu kwa chemchemi za chini kwa chini, na humo mna mkoko, mkandaa, mchu, mlilana na muia. Hori hii imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika, nayo tangu mwaka 1979 imetambuliwa na UNESCO. Wala mikoko yake haijakaa bure ikingojea wanunuzi wa hewa. Pale Dabaso kikundi cha wenyeji hunenepesha kaa koko katika vizimba na kuwauzia wageni sambusa za kaa katika mkahawa uliojengwa kwa nguzo juu ya maji. Kuna njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, na kiingilio cha wageni kimesaidia, chini ya mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001, kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vilivyo kando ya hori na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna mizinga ya nyuki, na kuna vitalu vya miche ambayo hununuliwa na wafadhili wapendao kupanda miti mahali walipo mbali napo. Fauka ya hayo kuna samaki, ambao wadogo wao hukulia baina ya mizizi kabla ya kutoka kwenda miambani. Mtu atakayekuja Mida na mizani ya kaboni peke yake atakuwa amekuja kupima sehemu moja tu ya mali.

Mizani yenyewe imebadilika sana katika miaka hii ya karibuni. Setilaiti za Kijapani zenye rada ipenyayo mawingu zimewezesha kuchorwa ramani za mikoko ya ulimwengu mzima, za miaka mbalimbali tangu miaka ya 1990, na chombo cha leza kilichopelekwa mwisho wa mwaka 2018 katika kituo cha kimataifa cha anga kimepima urefu wa miti kutoka juu. Watu wa Malindi hawapaswi kuyaona mambo haya kuwa ya kigeni, maadamu pale Ngomeni, kaskazini ya mji wao, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka baharini tangu mwaka 1967 hadi 1988, na ndipo iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 ile setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa makusudi kwa kuchunguza miali ya eksirei ya nyota. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ikapeleka angani Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, ingawa hiyo ilirushwa kutoka California.

Lakini jicho la angani, pamoja na ukali wake wote, huona majani na haliyaoni matope. Ili kujua kilichohifadhiwa chini hapana budi mtu ashuke mwenyewe wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, ashindilie bomba la chuma katika udongo na kutoa kipande chake kipelekwe maabara. Na ili kupima unene wa mkoko wenye mizizi iliyoinuka lazima ajue kwamba utepe huzungushwa juu ya mzizi wa juu kabisa, si mahali popote apendapo. Kazi hii haifanyiki kutoka ofisini Nairobi wala London. Inataka mtu ajuaye saa ya maji, ajuaye njia ya kupita bila ya kuzama hadi kiunoni, na awezaye kuitambua miti kwa majina. Hiyo ndiyo nguvu ya watu wa Mida katika biashara hii, nami nahofia kwamba wataitoa kwa ujira wa kibarua wa siku moja, ilhali ni sehemu ya bidhaa yenyewe.

Hofu hiyo ina sababu katika sheria. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, zama za ukoloni, na hali hiyo haikuondolewa baada ya uhuru. Anayeishi Sita au Kirepwe, katika hori ya Mida, hata kama babu yake alikata boriti hapo, hana milki ya mti hata mmoja. Mlango uliofunguliwa ni ule wa jumuiya za misitu, zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 2005 na kuendelezwa na ile ya 2016, ambazo huweza kufanya mapatano na Huduma ya Misitu ya Kenya ya kuutunza msitu kwa ubia. Kisha mwaka 2023 Bunge likarekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi, ikaamriwa kwamba mradi wa kaboni wa ardhini uwape wananchi wa mahali pake si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na mwaka 2024 zikatoka kanuni za soko hilo. Amri hiyo ni njema. Hata hivyo asilimia 40 ya hesabu usiyoijua ni hesabu usiyoijua vile vile, na mwenye kujua idadi ya tani, bei zilizouzwa na ujira wa madalali ndiye atakayeamua fungu la wengine lina ukubwa gani.

Mambo yaliyotokea kwingineko yatosha kuwa onyo. Mwaka 2023 hati nyingi za misitu zilizothibitishwa na shirika la Verra zilitiliwa shaka katika magazeti ya Ulaya, na katika mwaka huo huo mradi mkubwa wa kaboni wa malisho ya kaskazini mwa Kenya ulisimamishwa ili uchunguzwe; mwezi wa Januari 2025 mahakama ya Isiolo ikatamka kwamba baadhi ya hifadhi za huko ziliundwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na hapa hapa kwetu, Uyombo, mahali palipopendekezwa mtambo wa umeme wa nyuklia, wakazi waliingia barabarani mwaka 2024 kuupinga, wakilalamika kwamba ardhi na bahari yao imepangiwa shughuli kabla wao hawajaulizwa. Mtu aweza kuupenda au kuuchukia umeme wa nyuklia, lakini hawezi kukana kwamba lalamiko hilo ni la haki. Na wale watakaoleta mikataba ya kaboni katika vijiji vya sehemu hizi wakumbuke kwamba wanazungumza na watu waliokwisha kujifunza kuuliza.

Ningependa basi kuona kaunti ya Kilifi na KMFRI wakiwachukua vijana wa Dabaso, Mida, Sita na Uyombo, wanaume kwa wanawake, wakawafundisha kupima miti na matope na kuzisoma ramani za setilaiti katika simu zao, kabla ya dalali yeyote kutia mguu; na nakala ya vipimo vyote ibaki mikononi mwa jumuiya ya msitu, si kwa mtaalamu peke yake. Mkataba nao, ambao utaandikwa kwa Kiingereza na kuwafunga watu kwa miaka mingi, usomwe wote barazani kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, ibara kwa ibara, pamoja na bei na ujira wa kila aliye katikati, nao watu wapewe muda wa kwenda kushauriana majumbani mwao kabla ya mtu yeyote kutia saini.