Usiseme Salama

Kakangu ana ugonjwa usio na daktari: ukimuuliza hali, atakwambia "salama". Mguu umevimba kama andazi, salama. Kalala na barafu juu ya kifundo, salama tu. Sote tumelelewa hivyo. Mamangu alitufunza kwamba mtu akikujulia hali humtwishi mzigo wako. Unamshukuru Mungu, unamuuliza yake. Basi mwaka 2022 adabu hiyo ilimponza.

Kwenye kipindi nililigusia jambo hili kwa dakika mbili tu, na maswali yakawa mengi, hasa kutoka kwa wenye ndugu waliopita jeshi la Marekani. Mimi ni mhasibu, si wakili. Ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma barua za kakangu usiku, watoto wakishalala.

Aliingia jeshini 2008, akawa askari wa parachuti pale Fort Bragg. Mwaka 2010 alitua vibaya na kifundo cha mguu wa kulia, ile sehemu wacheza mpira wa nyumbani wanaita enka, kikageukia ndani. Akafungwa bendeji, akapewa siku chache za kazi nyepesi, akarudi kuruka. Alipotoka jeshini 2012 akajaza fomu ya afya. Una tatizo lolote la viungo? Akaandika hapana. Alikuwa na hamu ya kwenda nyumbani, na aliogopa kwamba ukiandika ndiyo unaanza kuzungushwa kwa vipimo.

Miaka 10 baadaye akaomba fidia ya ulemavu kwa Idara ya Maveterani, VA. Akakataliwa. Barua ilikuwa ndefu, lakini ukiikamua inabaki hivi: kifundo kibovu unacho, kuumia jeshini kumo kwenye faili, ila hakuna kinachounganisha la leo na la zamani. Kila dai husimama juu ya hayo matatu, na wengi huangukia hilo la tatu. Daktari aliyempima aliegemea ile "hapana" ya 2012. Na pembeni akaandika kwamba mgonjwa mwenyewe anasema anaendelea vizuri. Nilijua kilichotokea hata kabla sijamuuliza. Daktari kamuuliza hali, naye kajibu.

Alitaka kuacha. "Ni kifundo tu," akasema, "kuna watu hawana miguu." Sikumpinga siku hiyo. Lakini unapewa mwaka mmoja kutoka tarehe ya barua, na ukiupitisha unaweza kupoteza tarehe yako ya mwanzo, yaani malipo ya nyuma yote.

Tangu Februari 2019 njia ziko tatu. Unaweza kupeleka ushahidi mpya kwenye idara ileile. Unaweza kuomba mkaguzi wa ngazi ya juu asome faili lilelile bila kuongezewa hata karatasi moja. Au unakwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani. Tulimpata mwakilishi wa shirika la maveterani, mwenye kibali cha VA, bure kabisa. (Mtu akikudai pesa ili akuandalie dai la kwanza, kimbia, sheria hairuhusu.) Tukaenda kwa Bodi, kwa utaratibu unaokupa siku 90 za kuongeza ushahidi.

Ushahidi gani sasa? Miaka 10 hakwenda hospitali kwa ajili ya mguu. Hapo ndipo mwakilishi akauliza: alipotoka jeshini alikuwa akiishi na nani?

Alikuwa akiishi na mama.

Mama mwanzo alikataa. "Mimi ni nani hata niwaandikie serikali?" Nikamweleza kwamba mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan, mahakama ya rufaa ilisema maneno ya mtu wa kawaida hayawezi kutupwa kwa sababu tu hakuna karatasi za hospitali za wakati ule. Jaji ana haki ya kuyapima kama yanaaminika, lakini lazima ayapime. Mama akanyamaza, kisha akaomba kalamu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa hukumu ya daktari: mfupa umelika, sababu ni parachuti. Nikamwambia, mama, hayo mwachie daktari, wewe sema ulichokiona. Akanuna kidogo. Ya pili aliiandika kwa Kiswahili, kwenye daftari la mwanangu, nami nikaitafsiri. Aliandika kwamba tangu 2012 mtoto wake anashuka ngazi ubavu, mguu mmoja mmoja, mkono ukutani. Kwamba kabla ya jeshi alikuwa akisali kama watu wote, lakini aliporudi hakuweza tena kukaa tahiyatu, kwa vile unyayo wa kulia haukubali kusimama juu ya vidole. Na tangu Ramadhani ya mwaka ule anasali kwenye kiti, safu ya nyuma, pamoja na wazee. Alikuwa na miaka 27.

Mimi nilikuwa nikimuona kwenye kile kiti miaka yote. Nilidhani ni uvivu. Nilishamtania.

Daktari wa miguu alisoma faili na barua ya mama, akaandika maoni yake na sababu zake. Mizani ya VA haidai uhakika: inatosha uwezekano uwe nusu kwa nusu, na ushahidi ukilingana pande zote, shaka humwendea askari. Barua ya Bodi ilikuja 2025. Jaji aliitaja ngazi na akakitaja kiti. Rufaa imekubaliwa.

Ila Bodi ilikubali kiungo tu. Asilimia ikarudi kuamuliwa chini. Hapo ni hesabu ya nyuzi. Kifundo kizima huinuka nyuzi 20 kuelekea juu, na hushuka 45 kama unakanyaga mafuta kwenye gari. Ukishindwa kufika 15 juu au 30 chini, ni asilimia 10. Ukishindwa kufika 5 juu au 10 chini, ni 20. Mwaka 2025 hiyo ni dola 175.51 au 346.95 kwa mwezi, pamoja na matibabu ya mguu huo. Na mpimaji hatakiwi kuishia kwenye rula yake: tangu kesi ya Sharp ya 2017, lazima aulize kuhusu siku mbaya, mguu unapofura, na akadirie unapoteza kiasi gani siku hizo.

Siku ya kipimo mama alimpigia simu akiwa bado kwenye maegesho. "Wakikuuliza hali, usiseme salama."

Akaniambia baadaye kwamba alipoulizwa alikaa kimya mpaka daktari akainua kichwa. Kisha akasema, "Leo asubuhi nimeshuka ngazi ubavu." Akaeleza na siku mbaya, mbili au tatu kwa mwezi, anapotumia mkongojo wa marehemu baba.

Alipata 10. Anasema inamtosha, mimi nasema zile siku mbaya hazikuhesabiwa. Ana mwaka mmoja wa kuamua, na mama ameshaulizia daftari jingine.