Kukoroma Kunapokuwa Ugonjwa: Kifaa cha Mdomoni Kinamfaa Nani?

Katika nyumba nyingi za jijini, kukoroma ni jambo la kuchekwa asubuhi. Lakini mkoromo unaokatika ghafla, ukafuatwa na kimya, kisha mtu akashtuka akitweta kama aliyekabwa, si mzaha tena. Misuli ya koo imelegea, ulimi umerudi nyuma na njia ya hewa imezibika kwa sekunde 10 au zaidi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui. Anayejua ni anayelala naye.

Yeye huona matokeo tu: kichwa kuuma asubuhi, shinikizo la damu lisiloshuka hata kwa dawa, na usingizi mchana. Kwa dereva anayetoka Kangemi alfajiri kuelekea katikati ya jiji kupitia Waiyaki Way, kusinzia sekunde chache kwenye usukani kunaweza kuua.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha. Husaidia sana, ila inahitaji umeme na barakoa usoni, na wapo wanaoshindwa kuivumilia. Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na wataalamu wa usingizi na wa meno wa Marekani unapendekeza watu wazima wa aina hiyo wapewe kifaa cha mdomoni.

Kifaa hicho huvaliwa kwenye meno ya juu na ya chini wakati wa kulala. Huvuta taya la chini mbele kwa milimita chache, ulimi hufuata, na njia ya hewa hubaki wazi. Kwa kawaida hufaa zaidi pale ugonjwa ni hafifu au wa wastani.

Hapa ndipo wengi hupotea. Vipo vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa mtandaoni, vya kulainishwa kwa maji moto na kuumwa. Vinaweza kupunguza kelele ilhali pumzi bado zinakatika. Nyumba imetulia, mgonjwa bado anakosa hewa. Ndiyo maana kipimo cha usingizi hufanywa kabla ya kifaa, na tena baada ya kukizoea. Pumzi zikikatika au kupungua mara 5 hadi 15 kwa saa, ugonjwa ni hafifu. Mara 30 au zaidi, ni mkali, na mashine ndiyo huwa chaguo la kwanza.

Daktari wa meno hukagua fizi, viungo vya taya na idadi ya meno, kisha huchukua umbo la meno ili kifaa kitengenezwe kwa kipimo cha mhusika. Siku za mwanzo mate hutoka kwa wingi na taya huuma. Miaka ikipita meno yanaweza kusogea kidogo, hivyo kliniki za marudio si za kukosa.

Mkazi mwenye dalili hizi anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, apimwe shinikizo la damu na kuomba rufaa ya kipimo cha usingizi. Ni vyema aandamane na anayelala naye, kwani ndiye shahidi. Kabla ya kulipia kifaa, athibitishe kuwa daktari wa meno amesajiliwa na baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini, na aulize kama bei inajumuisha marekebisho ya baadaye.