Godzilla na Miili Yake: Nani Anashika Rekodi?

Tangu 1954 kampuni ya Toho ya Japani imekuwa ikimleta Godzilla kwenye senema, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeutaja mfululizo wake kuwa ndio uliodumu kuliko yote ya filamu duniani. Kila zama humtengenezea mwili mpya: huku anarefushwa, kule anakondeshwa, pengine anaachwa atishe tu. Ili tusipotee katika mita hizi, kipimo chetu kiwe jengo la KICC la Nairobi, lenye mita 105. Wapangwe sasa!

1. Mkongwe: wa 1954, mita 50

Hafiki hata nusu ya KICC. Lakini Tokyo ya wakati ule ilimtosha kabisa, kwa kuwa sheria ilikataza majengo ya kawaida kupita mita 31. Akisimama katikati ya jiji, kichwa chake kilipanda juu ya karibu mapaa yote, ukiacha machache kama mnara wa Bunge. Filamu ilitoka Novemba 1954, miezi minane baada ya Marekani kulipua bomu la haidrojeni huko Bikini na majivu yake kuwaangukia mabaharia 23 wa mashua ya uvuvi ya Kijapani. Ndiyo maana ngozi yake haina magamba ya mjusi. Ina vinundu na mikunjo inayofanana na makovu yaliyovimba ya watu walioungua kwa bomu la atomiki.

Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, na lilikuwa gumu kiasi kwamba mtu aliyekuwa ndani hakuweza kutembea sawasawa. Wakalikata vipande viwili kwa ajili ya picha za kiungo kimoja kimoja, wakatengeneza jingine. Mwigizaji Haruo Nakajima alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kutazama namna tembo na dubu wanavyotua miguu. Ule mngurumo ulitoka kwa mtunzi Akira Ifukube: glavu ya ngozi ikiburutwa juu ya nyuzi zilizolegezwa za zeze kubwa la besi. Nakajima aliendelea kulivaa dubwana hili hadi 1972, filamu 12. Hiyo nayo ni rekodi!

2. Mrefu kuliko wote: zaidi ya mita 300

Jiji likikua, na dubwana hukua. Kufikia 1984 Shinjuku ilikuwa na maghorofa yaliyopita mita 200, na Godzilla wa mita 50 angeonekana kama mpita njia. Toho wakampa mita 80, na bado maghorofa yakamzidi. Mwaka 1991 wakamfikisha 100, mwaka uleule ambapo pambano lake lilifika kwenye jengo jipya la serikali ya jiji la Tokyo, mita 243. Hapo KICC ilikuwa bado inamzidi kwa mita tano. Wamarekani ndio walioivuka: Godzilla wa mwongozaji Gareth Edwards, 2014, ana mita 108, kifua kipana na shingo nene kama ya dubu. Wajapani wakajibu mwaka 2016 kwa mita 118.5. Halafu ikaja katuni ya 2017, Godzilla: Planet of the Monsters, na jitu la zaidi ya mita 300. Hizo ni karibu KICC tatu zilizobebana. Kwa urefu hana mpinzani. Ila urefu wote huo umetumika kwenye dunia isiyo na jiji lililo hai la kumlinganisha nalo, na mtazamaji hauhisi uzito wake.

3. Mwenye mbio: wa 1998

Mwongozaji Roland Emmerich alimpa mchoraji Patrick Tatopoulos kazi ya kumbuni upya, na akatoka kiumbe mwembamba aliyeinama mbele, mwenye kukata kona za New York huku helikopta za kijeshi zikimfukuza bila kumpata. Kwa kasi anawashinda wote. Kwa heshima anashika mkia: hana pumzi ya atomiki ya kueleweka, anakimbia mizinga badala ya kuisubiri, na mwishowe makombora ya kawaida yanamuua. Toho walimpa jina jingine, Zilla, na katika filamu ya 2004 Godzilla wa kweli akammaliza mjini Sydney kwa sekunde chache. Hukumu ya haki.

4. Aliyerefuka haraka: Kong

Huyu si Godzilla bali mpinzani wake, sokwe. Mwaka 2017 alikuwa na mita 32 hivi. Kufikia pambano lake na Godzilla la 2021, mita 102! Mara tatu na ushei, kwa maelezo kwamba zamani alikuwa bado kijana.

5. Mwenye maumbo mengi: Shin Godzilla, 2016

Huyu habuniwi mara moja, hubadilika mbele ya macho yako. Anaingia jijini akitambaa, macho makubwa yasiyopepesa, mashavu kama ya samaki yakimwaga damu barabarani. Kisha anasimama. Akitapika moto, taya la chini linapasuka pande mbili, na miale inamtoka hadi mgongoni na mkiani. Mwendo wake uliigizwa na Nomura Mansai, bingwa wa kyogen, maigizo ya jadi ya Japani. Kwa kutisha, namba moja.

6. Bingwa wa mabingwa: Godzilla Minus One, 2023

Mita 50.1, yaani sentimita 10 tu juu ya yule mkongwe. Mwongozaji Takashi Yamazaki alimrudisha kwenye Japani ya baada ya vita, ambako mita 50 zinatosha kuziba mbingu. Kabla ya kutema, miba ya mgongoni inachomoza mmoja baada ya mwingine kuanzia mkiani, ikiwaka buluu, kisha yote inajigonga kurudi ndani kama bomu linalotiwa fyuzi. Wasanii 35 wa madoido ya picha, picha 610, bajeti ambayo Yamazaki mwenyewe alisema haikufika dola milioni 15. Ile ya Marekani ya 2014 ilitumia takriban milioni 160. Machi 2024 wakachukua Oscar ya madoido ya picha, ya kwanza kwa Godzilla yeyote, na Yamazaki akawa mwongozaji wa pili kuipata baada ya Stanley Kubrick.

Kombe ni lake. Itazame ile ya 1954 kwanza, halafu hii, kwenye kioo kikubwa kuliko vyote utakavyopata.