Kiitaliano Nacho Kina Shadda Yake

Apitaye Malindi hukosi kukisikia Kiitaliano, madukani, mahotelini na ufuoni. Tangu Waitaliano walipojenga kituo chao cha San Marco huko Ngomeni, wakarusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, lugha yao imetia nanga katika mwambao huu. Vijana wengi wameiokota kwa masikio na kupata riziki kwayo. Lakini wako wanaojifunza kwa vitabu walivyoandikiwa wasemao Kiingereza, na hapo ndipo ulimi unapopotoka.

Tuanze na herufi. Mbele ya e na i, c ya Mwitaliano ni ch yetu, na g ni j. Cena, chakula cha jioni, husomwa "chena". Gelato, ile barafu tamu, ni "jelato". Katika ciao, i haisemwi. Imewekwa ili c iwe ch, basi. Lakini h ikiingia, ugumu hurudi: chiave, yaani ufunguo, ni "kiave", na spaghetti ina g ya "gari". Mwingereza akiona ch hukimbilia kusema ch. Hapa hata Mswahili ajihadhari, kwani naye amezoea hivyo hivyo.

Kwingine Mswahili ametangulia. Gn ni ny: bagno, bafu, ni "banyo". Mwingereza huigawa sauti hiyo mara mbili, n kisha y, ilhali sisi tunayo moja tangu utotoni.

Pumzi na Meno

La pili ni pumzi. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Mwingereza akianza neno kwa p, t au k, karatasi hutikisika. Mwitaliano akisema pane, mkate, karatasi hutulia. Mtu wa Mombasa hahitaji karatasi: paa la nyumba halina pumzi, bali paa mnyama wa mwituni anayo. Basi p ya Mwitaliano ni ile ya paa la nyumba. Tena t na d zake hugusa meno, ambapo za Mwingereza hugusa ufizi. Msemaji wa Kimvita anazijua t za mahali pote pawili.

Shadda

Lililo kubwa ni konsonanti mbili mbili. Kwa Mwingereza, herufi mbili katikati ya neno ni mambo ya uandishi tu. Sauti ni moja. Kwa Mwitaliano maana yageuka. Sete ni kiu, sette ni saba. Capello ni unywele, cappello ni kofia. Casa ni nyumba, cassa ni sanduku au mahali pa kulipia dukani.

Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu ataona hili si geni. Darasa kwa Kiarabu ni alisoma. Tia shadda kwenye r, iwe darrasa, alifundisha. Hamam ni njiwa, hammam ni mahali pa kuogea. Mwalimu hakukubali shadda iliyopunjwa, na Mwitaliano naye haikubali. Ulimi ushike mahali pake, ungoje kidogo, ndipo uachilie. Nonno, yaani babu, ikaribie n tunayoikalia katika "nne". Ukiiharakisha umesema nono, wa tisa.

Na kuna la aibu. Anni ni miaka. Ukimwuliza mzee wa watu umri wake ukaiacha shadda, utakuwa umetaja kiungo kisichotajwa mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo, kijana anayetaka kazi ya kuongoza wageni asikipitishe Kiitaliano katika mlango wa Kiingereza. Asome maneno kwa sauti, asikilize wenyewe wanavyosema, na apime kwa Kimvita chake na kwa aliyofunzwa chuoni. Vipimo hivyo anavyo nyumbani. Kuviacha akaazime kwa Mwingereza, ambaye mwenyewe anahangaika, ni hasara ya bure. Mwacha asili ni mtumwa.