MPAPAI DUME AU JIKE: TUTAJUAJE?

Wakulima wenzetu, jambo hili tumeliona. Mtu anapanda mipapai ishirini. Anapalilia, anamwagilia maji, anatia samadi. Miezi inapita, maua yanatoka. Kumbe nusu ni midume! Jasho limekwenda bure.

Wapo wanaochagua mbegu kwa rangi. Wengine hupigilia mpapai dume msumari ili ugeuke. Hizo si njia za kutegemea. Tutazame sababu yenyewe.

Kila mmea umejengwa kwa vichembe vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya seli ya mpapai mna nyuzi 18 zinazobeba urithi. Huitwa kromosomu. Tisa zimetoka kwa baba, tisa kwa mama, nazo huenda mbilimbili. Jozi moja ndiyo inayoamua dume au jike. Jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Ndiyo maana mbegu za jike aliyepata chavua ya dume hutoa nusu dume, nusu jike.

Wataalamu walijuaje? Kwa hadubini, X na Y za mpapai zinafanana. Basi wakachora ramani. Walichukua mipapai mingi iliyo ndugu, wakatafuta alama katika nyuzi zake. Alama inayofuatana kila mara na jinsi fulani, hiyo inakaa jirani nayo. Ni kama kuitafuta nyumba ya mtu kwa kuuliza majirani zake. Mwaka 2004 walitangaza kwamba wameipata sehemu hiyo ya Y. Ni kipande kidogo tu cha uzi mmoja. Leo maabara inaweza kupima jani la mche na kujua jinsi yake kabla ya maua.

Je, sisi tusio na maabara? Tupande miche mitatu kila shimo. Hapo, katika mashimo manane, saba hivi yatapata jike. Tungoje maua. Ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu. Ya jike ni makubwa, yamekaa karibu na shina. Tubakize jike mmoja kila shimo, mingine tukate. Lakini tusimalize madume yote! Tuache dume mmoja kwa majike kumi hivi, chavua isikosekane.

Iko pia mipapai yenye jinsi mbili katika ua moja. Hiyo hujichavusha yenyewe. Mbegu zake zikichavushwa hivyo hazitoi dume kabisa: katika miche mitatu, miwili hivi huwa ya jinsi mbili, mmoja jike. Ukiupata mpapai wa namna hiyo, tunza mbegu zake.