Wagonjwa wa Nyumbani: Uliza Mhudumu Analipwa Kiasi Gani

Mzee anapigwa na kiharusi, analazwa wiki kadhaa, bili inapanda, kisha familia inaambiwa aendelee kuuguziwa nyumbani. Watoto wako kazini, au wako Dallas na Doha wakituma pesa kwa simu. Hapo ndipo kampuni za huduma za nyumbani jijini Nairobi zinapopata wateja: zina mhudumu wa kutwa, wa kulala, muuguzi wa kupita na mtaalamu wa fiziotherapia wa mara mbili kwa wiki.

Nyingi ya kampuni hizi ni mawakala. Familia hulipa kwa mwezi, kampuni hukata chake, kinachosalia humfikia mhudumu. Ni kiasi gani hicho? Mimi ningeanza na swali hilo, kabla hata ya kuuliza bei. Mhudumu anayelipwa kiduchu huondoka mara tu apatapo nyongeza kwingine, na kila akiondoka mgonjwa huachiwa mgeni asiyejua kuwa mzee hupaliwa akinywa chai, wala bega lipi halifai kuvutwa anapoinuliwa. Kampuni inayokataa kutaja mshahara wa wahudumu wake, au isiyoweza kusema wamekaa nayo muda gani, mimi singeikabidhi mzazi wangu.

Kuna suala la leseni pia. Wauguzi wanasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Wataalamu wa fiziotherapia wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2014. Lakini mhudumu, ambaye ndiye atakayeshinda na mgonjwa, huenda ana cheti cha miezi michache tu. Hilo si kosa, maana kuogesha, kulisha na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda ni kazi anayoweza kufundishwa akaimudu vizuri. Kosa ni kumwachia abadilishe mpira wa mkojo au ashughulikie kidonda kilichochimbika, bila muuguzi wa kumsimamia. Omba jina na nambari ya usajili ya muuguzi huyo, kisha uthibitishe na baraza lenyewe.

Bei inayotajwa kwa simu kabla mgonjwa hajaonwa haina msingi. Kampuni makini hutuma muuguzi kwanza aone kitanda, choo, ngazi za mlangoni, na asome barua ya hospitali.

Kwa fiziotherapia, dai lengo linalopimika: mgonjwa akae bila kuegemezwa, asimame, afike msalani. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye nafuu ya haraka zaidi, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Mtaalamu anayefanya mazoezi na kuondoka bila kumfundisha mhudumu na familia anaacha kazi nusu, kwani siku nyingine tano hakuna atakayeiendeleza.

Bima nayo isidhaniwe. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024. Iulize SHA kwa maandishi inacholipia nyumbani, na bima binafsi vilevile.

Mwezi wa kwanza usifunge mkataba mrefu. Lipa mwezi huo mmoja, soma daftari la kila siku, hasa kurasa za usiku, na wewe mwenyewe ukague mgongo na visigino vya mgonjwa. Ukikuta wekundu usiofifia, iite kampuni siku hiyo hiyo. Isipokuja, tafuta nyingine.