Allahverdi: Jina Lenye Lugha Mbili

Wako wasemao ya kuwa neno lililochanganywa halina kwao, na ya kuwa lugha iliyojaa maneno ya kigeni ni lugha ya watumwa. Twawaomba wafikiri pamoja nasi habari za jina moja lijulikanalo sana Azerbaijan, Uturuki na Iran, nalo ni Allahverdi.

Jina hili lina vipande viwili. Allah ni neno la Kiarabu, na hakuna asiyelijua. Verdi ni kitenzi cha Kituruki, maana yake "alitoa". Na ile -di ya mwisho ndiyo ionyeshayo kwamba tendo limekwisha kutendeka. Basi jina zima ni sentensi kamili: Mungu alitoa. Ni shukrani ya mzazi, kama huku kwetu mtoto aitwavyo Majaliwa.

Kabla ya kusilimu, Waturuki walimwita Mungu wa mbinguni Tengri. Kutokana na neno hilo la kale liko jina Tanrıverdi. Liko pia Hudayberdi, lenye neno la Kiajemi la kumtaja Mungu. Na liko Allahverdi. Katika majina yote matatu Mungu ametajwa kwa lugha mbalimbali, lakini kitenzi ni kile kile cha Waturuki wenyewe.

Aliyelipa jina hili sifa kubwa ni Allahverdi Khan, aliyefariki mwaka 1613. Alizaliwa Mkristo huko Georgia, akatekwa, akasilimu, akawa mtumwa-askari wa wafalme wa Iran. Shah Abbas wa Kwanza alimfanya mkuu wa majeshi na gavana wa Fars. Daraja alilolisimamia mjini Isfahan, lenye matao 33, lingali limesimama. Mwanawe aliitwa Imamquli: imam ni Kiarabu, na quli, kwa Kituruki, ni mtumwa wake. Lakini hawakuwa watumwa kwa sababu ya majina yenye lugha mbili. Utumwa ni kazi ya upanga, wala si ya kamusi.

Huyo Imamquli ndiye aliyewanyang'anya Wareno kisiwa cha Hormuz mwaka 1622, akisaidiwa na merikebu za Waingereza. Wakati huo Wareno hao hao walikuwa wameshika Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu.

Sisi nasi tulifanya kama Waturuki. Tulipokea kitabu kwa Waarabu, tukasema vitabu, kwa sheria ya lugha yetu wala si ya Kiarabu. Neno likiisha kutii sarufi ya nyumba, limekuwa la nyumba hiyo.

Wareno walifukuzwa Mombasa kwa mara ya mwisho mwaka 1729. Walituachia neno bendera. Wao walikwenda zao na bendera yao. Neno tukabaki nalo, nasi twalitumia kuitaja bendera yetu wenyewe.